Nilivyomtega Bwana Shomari kwa Filamu ya Bangili

Naona haya mpaka leo, na nikipita mtaani najifunika mtandio hadi puani kama mwenye mafua. Anayenijua anajua mie si msemaji, darasani mwalimu akiniuliza swali nalijibu kwa sauti ambayo hata mwenyewe siisikii, sasa mtu kama mie kuja kumwaga siri ya mama yake mzazi mbele ya kadamnasi, hata waliokuwepo walidhani wanaota.

Mjomba Seif, kaka yake mama, ni fundi wa televisheni hapa Tandika, na tangu baba afariki mie na mama tunaishi vyumba vya uani kwake. Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri wanakusanyika dukani wapenzi wa filamu za zamani, wanakaa kwenye viti vya plastiki katikati ya televisheni mbovu na kuitazama moja iliyo nzima, ingawa kusema kweli wanaongea kuliko wanavyotazama. Mzee Pazi ni mtu wa filamu za ngumi, na hoja yake ni moja tu, kwamba waigizaji wa siku hizi wanapigana kama wanafukuza mbu. Bi Tatu yeye anampenda adui wa kila filamu (anasema steringi ni mzuri wa sura tu, adui ndiye mwenye mipango). Mie nakaa karibu na mlango nasikiliza, na hapo ndipo mahali pekee ambapo kunyamaza kwangu hakumsumbui mtu.

Basi akaanza kuja mtu mpya, Bwana Shomari. Mpole, shati limepigwa pasi mpaka mfuko, anauza vipuri vya baiskeli, anakaa Ukonga (nikajiuliza, Ukonga upande upi, wa majumba au wa gereza, na alihamia huko kwa hiari yake?). Kila filamu ya Kihindi ikitajwa, yeye ameshaiona, tena kwenye jumba la sinema mjini, enzi za ujana wake. Kila filamu! Nani ameona kila filamu?

Mama naye akaanza kuja Jumamosi, amepaka wanja, ananukia udi, na simu yake ikawa inalala kifudifudi. Siku moja ikaita yuko bafuni, nikasoma jina: Fundi Feni. Feni yetu haijawahi kuharibika. Nilipomuuliza akacheka, kisha akanikalisha kitandani.

"Zuhura mwanangu, ni Shomari. Tunazungumza tu, bado namwangalia. Mjomba wako asijue. Unamjua alivyo, akisikia leo, kesho kashakodi maturubai ya harusi."

Nikaapa. Lakini kuapa kunyamaza si kuapa kutochunguza, nikaanza kumchunguza. Nikaona saa yake anaivaa mkono wa kulia. Nikaona anacheka baada ya wenzake kucheka. Kila kitu kikawa ushahidi, ila ushahidi wa nini sikujua, mpaka siku alipoitaja filamu ya bangili.

Hiyo filamu nimeiona mara tatu kwa binamu yangu Mbagala, kwenye flashi, ile iliyotafsiriwa na dijei, yaani sauti yake inapita juu ya waigizaji na kukueleza kila kitu kwa Kiswahili. Kuna kijana polisi anawasaka waliomuua baba yake, alama pekee aliyonayo ni bangili aliyovaa mmoja wao, anaishi na mama yake kipofu na dada yake wa tumbo moja, ambaye anamlinda kama mboni ya jicho. Dijei aliwaita Jumanne na Mwajuma (majina najua huwa anabatiza tu, mie si mjinga kiasi hicho, ujinga wangu ulikuwa wa daraja lingine).

Sasa Bwana Shomari anasema, huku mama anamsikiliza kidole shavuni, "Ile ya bangili bwana, pale steringi na yule binti wanaimba kwenye mvua, jumba zima tuliimba nao. Na mwisho wanapooana, watu walirusha sarafu kwenye pazia!"

Kuoana? Na dada yake? Mtu huyu hajaiona hiyo filamu, nikasema moyoni, amekariri tu kwamba filamu za Kihindi zina mvua na harusi, na anayeweza kutudanganya kwa uso mkavu namna ile, mama yangu atamwambia mangapi? Ningeweza kusubiri nikamnong'oneza mama nyumbani. Sikusubiri. Nikaamua kumtega kwa kijiswali kimoja tu.

"Samahani mzee, yule binti ni nani yake steringi?"

"Mpenzi wake, mwanangu."

"Una hakika?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

"Yule ni dada yake," nikasema. "Tumbo moja."

Mzee Pazi akapiga kofi gotini. "Haa! Shomari, umeozesha ndugu wawili!" Bi Tatu akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kanga. Yeye filamu aliiona zamani lakini anamkumbuka adui peke yake, kwa hiyo hakuwa na la kumtetea mtu. Na mie, ambaye sijawahi kuchekesha watu maishani, kicheko kile kikanipanda kichwani kama homa.

Bwana Shomari akasema taratibu, "Labda tunazungumzia filamu mbili tofauti, mwanangu."

Nikaona huyo anatafuta mlango wa kutokea. Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha.

"Hakuna filamu mbili! Kama unatudanganya kwenye filamu, tutajuaje unayomwambia mama usiku kwenye simu ni ya kweli? Amekuandika Fundi Feni, kumbe hata feni hujawahi kuigusa! Tutajuaje kama huna wake watatu huko Ukonga?"

Mjomba alikuwa ameinamia redio ya mtu, akainua kichwa polepole.

"Fundi nani?"

Mama alikuwa anaangalia televisheni. Ilikuwa imezimwa.

Mjomba ni fundi, hakubali kitu mpaka akipime. Akasema, "Tuanze na filamu. Ninayo, nzima, haijakatwa." Akaipekua kwenye boksi lake la diski, akaipuliza, akaiingiza kwenye deki. Filamu ni ndefu, katikati tukasimama kwa ajili ya magharibi, na naapa hakuna hata mmoja aliyekwenda kwao. Bi Tatu alimpigia simu mkwewe, akamwambia wale bila yeye.

Mwanzo nilikuwa na matumaini. Polisi yule yule, mama kipofu yule yule, nikawa naitikia kwa kichwa kama wakili. Mara wingu likatanda. Radi ikapiga. Jumanne akatokea nyuma ya mti, Mwajuma akatokea nyuma ya mti mwingine kaloa chapachapa, ngoma zikaanza, na kwenye flashi yetu kipande hicho hakikuwepo kabisa. Wakauzunguka mti. Wakateremka kilima. Akamshika kiuno. Ghafla wakawa mahali penye theluji, bado anamshika kiuno.

"Hee," akasema Bi Tatu, "huyu kaka anampenda dada yake jamani!"

Watu walicheka mpaka waliokuwa barabarani wakaingia kuuliza kuna nini. Hapo ndipo nilipoelewa. Dijei alizikata nyimbo zote na harusi pia, na akishakata nyimbo yule binti anabaki amekaa tu nyumbani kwa watu bila sababu, basi akampa udada. Mie nikaubeba udada huo kama aya.

Bwana Shomari hakucheka. Aliangalia viatu vyake. Ningependelea acheke (na hata hapo, Mungu anisamehe, nilijiuliza kama huo upole si ujanja wake mwingine).

Harusi ilipokwisha, mjomba akazima. "Haya, ya filamu tumeyamaliza. Tuje kwenye feni. Shomari, una nia gani na dada yangu?"

"Nia yangu njema, kaka. Nilikuwa nasubiri yeye aseme."

"Hakuna cha kusubiri, mtaa mzima umeshasikia. Lete washenga, ama hapa usikanyage."

Mama akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaondoka bila kumuaga mtu. Nikamfuata uani nikijua napigwa. Hakunipiga. Alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akavua hereni moja, akaishika mkononi.

"Unadhani mie sikumshuku? Nilikuwa namshuku taratibu. Leo namuuliza hili, wiki ijayo nalirudia kwa njia nyingine, naona kama majibu yanalingana. Nilikuwa na muda wangu, Zuhura. Hakuna mtu aliyekuwa akiniharakisha."

"Nisamehe mama."

"Nimekusamehe. Lakini ule muda utanirudishia?"



Washenga walikuja. Mama akawajibu kwa heshima kwamba bado hajafikiri, na mjomba, baada ya kufoka siku mbili, akakubali kusubiri kwa sharti moja, wakizungumza wazungumzie dukani, mbele za watu. Kwa hiyo sasa kila Jumamosi mama anakaa upande huu, Bwana Shomari upande ule, Mzee Pazi katikati kama ukuta. Filamu inawekwa lakini hakuna anayeitazama, viti vyote vimegeuzwa kidogo. Bwana Shomari akiomba maji, watu wanamwangalia mama. Mama akikohoa, Bi Tatu anageuka kuona kama Bwana Shomari amesikia.

Jumamosi iliyopita Bwana Shomari alichelewa. Macho yote yakamhamia mama kuona uso wake utasema nini, naye akakaza macho kwenye televisheni, hakugeuka hata tuliposikia "Asalaam alaikum" mlangoni. Niliona tu vidole vyake vinakunja na kukunjua pindo la kanga. Nikaangalia pembeni, angalau jozi moja ya macho impungukie. Kumchunguza mtu kwa niaba ya mwenye macho yake mwenyewe, sitarudia.