Kona Thelathini na Nane

Watu wakianza kumsifu mama mdogo mbele yangu, huwa natafuta cha kufanya kwa mikono. Naokota uzi sakafuni, nafuta vumbi kwenye pasi, naingia jikoni kutafuta kitu ambacho sikukipoteza. Wanasema mji mzima hakuna mwenye moyo kama wake. Wanasema anaushuka mlima ule usiku wa manane, mgonjwa kiti cha nyuma, utadhani anakwenda dukani kununua chumvi. Muuguzi wa zahanati alimpa jina la Komando, na jina likaganda. Akiitwa hivyo anaitika, lakini sijamwona akicheka hata siku moja.

Mimi nilimjua kabla hajawa Komando. Ni mdogo wake mama yangu, aliyemfuata, na katika maisha yangu sijaona mwoga aliyemzidi. Akiona mende anapanda kitandani na kuita jirani. Hata udereva alijifunza kwa kulazimika tu. Yeye na mama walikuwa na chumba cha ushonaji mbele ya nyumba yetu, cherehani mbili zinatazamana, na ilibidi mtu ashuke mji wa chini kuchukua majora ya vitambaa. Mama asingeweza. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepooza tangu utotoni, klachi asingeikanyaga. Basi wakanunua gari dogo kuukuu, jeupe, mlango mmoja wa bluu, na mama mdogo akaenda kujifunza huku ameuma meno.

Kutoka kwetu hadi mji wa chini, iliko hospitali, kuna kona thelathini na nane. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Hakuna taa, hakuna kingo. Mama mdogo aliishuka barabara hiyo mchana tu, gia ya pili mwanzo mwisho, honi kila kona. Kona ya kumi na tisa ndiyo kali kuliko zote. Alipofika hapo alisimamisha gari, akashuka, akaenda kwa miguu kuchungulia kama kuna anayekuja, kisha akarudi mbio kushika usukani kabla mambo hayajabadilika. Mama alibaki kitini akicheka mpaka machozi yanamtoka. Ikigonga saa kumi alasiri, gari limeshaingizwa uani na funguo zimetundikwa msumarini. Giza likiingia hakuendesha hata kwenda mtaa wa pili.

Uoga huo aliuingiza hadi kwenye kushona. Yeye alishona vilivyonyooka: mapazia, mashuka, pindo za sketi. Kola, shingo na makwapa alimsukumia mama kule ng'ambo ya meza. Mama alimwambia, mdogo wangu, wewe ukiona kona tu unaita dada. Kisha anamfundisha kwa mara ya mia: usitazame sindano, sindano haiendi popote. Tazama kitambaa kinakoelekea, mikono itafuata yenyewe. Mama mdogo anaitikia vizuri kabisa, halafu anamsogezea kola.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa shule, naishi nao. Usinionee huruma ya mtoto. Nilikuwa mtu mzima.

Ilikuwa wiki ya sare za shule. Mashati hamsini na mbili yalikuwa yamerundikwa mezani, yote hayana kola, yanamsubiri mama. Mchana alishikwa na tumbo, akasema ni gesi. Jioni hakuweza tena kukaa. Muuguzi alikuja saa mbili usiku, akambonyeza upande wa kulia, mama akaruka. Akasema ni kidole tumbo, ashushwe hospitali usiku huu huu. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mtu mbali, lingerudi alfajiri. Majirani wenye magari walikuwa wawili tu: mmoja yuko safarini, wa pili gari lake lilikuwa juu ya matofali tangu mwaka uliopita. Muuguzi akachungulia uani, akaliona letu, akasema basi nyinyi mna bahati. Akaondoka kumwahi mwanamke aliyekuwa akijifungua zahanati.

Mama mdogo alichukua funguo. Nilisikia mlango wa gari, kisha injini. Taa zikamulika dirisha la chumba cha mama mpaka ukutani. Nikaanza kumvisha mama viatu. Nikamvisha cha kulia, nikamvisha cha kushoto kile chenye soli nene, nikafunga kamba. Injini ilikuwa bado inanguruma palepale uani. Ikanguruma, ikanguruma. Halafu ikanyamaza, na ukuta ukarudi kuwa mweusi.

Mama alikuwa ameikodolea macho dari. "Amezima," akasema.

Nilisimama nimfuate, nimburure ikibidi. Mama akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Akaniambia, "Mwambie nimelala. Mwambie maumivu yamepungua, tutashuka kukipambazuka. Sitaki aende huku anatetemeka, ataanguka na wewe."

Na mimi nikaenda. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu ninalolipata halinipendezi. Mama alikuwa mama, hilo ni kweli. Lakini pia kulikuwa na giza nje, na mimi ningekaa kwenye gari hilo hilo.

Mama mdogo alikuwa amesimama kati ya zile cherehani mbili, funguo mkononi, blauzi imelowa jasho. Nikamwambia vile nilivyotumwa. Akaniuliza, "Amelala kweli?" Nikamjibu, "Kweli." Akaziweka funguo juu ya cherehani ya mama, taratibu, asije akamwamsha, akakaa.

Mama aliuma shuka ili sauti isitoke. Saa tisa akakata kauli. Saa kumi na robo akafariki, viatu miguuni.

Daktari wa hospitali, aliyetuandikia cheti, hakujua anazungumza na nani. Alisema kwa upole tu kwamba laiti angefika kabla ya saa sita usiku, angekuwa nyumbani baada ya wiki moja. Mama mdogo aliishika meza kwa mikono miwili. Mimi nilitazama pembeni.

Baada ya mazishi maneno yalianza. Ndugu walinong'ona kwamba gari lilikuwa uani, tangi lina mafuta, na dada mtu akaachwa afe kwa sababu ya uoga. Mwingine alilisema mbele yake, huku anakula chakula alichokipika mama mdogo. Sentensi moja tu kutoka kwangu ingemtua nusu ya mzigo ule. Sikuisema. Nilimwachia aubebe wote, na juu yake nikamwongezea na hasira zangu. Kwa miezi saba tulizungumza mambo ya lazima: maji yamekatika, chumvi imeisha, mteja amekuja. Nilimchukia kwa moyo wote, maana nikiacha kumchukia yeye ningebaki na mimi.

Shule ilitaka mashati yake. Mama mdogo akahamia cherehani ya mama, akachukua shati la kwanza, akashona kola. Ikatoka imekunjamana. Akaifumua. Akashona, akafumua. Nilimsikia akijisemea kwa sauti ya chini, usitazame sindano. Kola ya kwanza ilimchukua siku nzima. Zilizobaki alizimaliza kwa wiki mbili, na hakuna mwalimu aliyegundua kwamba aliyezishona si mama.

Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka mashati, nilisikia funguo zikitoka msumarini. Gari likawaka, likatoka getini. Nilijua anakwenda kujitupa korongoni. Nililijua hilo waziwazi nikiwa nimejifunika blanketi, na sikuinuka. Nalisema kwa aibu, lakini nalisema. Baada ya dakika chache likarudi. Alikuwa amekwenda hadi kona ya kwanza tu, akageuza.

Usiku uliofuata akaenda hadi ya pili. Kisha ya tatu. Kila usiku aliongeza kona moja, peke yake, hana mgonjwa wala mzigo, na mimi nikawa nahesabu kitandani kwa kutazama saa. Kuna usiku wa mvua alikwama kwenye ile ya kumi na tisa. Akarudi amelowa chapachapa, magoti yametapakaa matope, maana alishuka akaupapasa ukingo wa barabara kwa mikono. Akanywa maji kikombe kimoja, akaenda kulala. Kesho yake akaipita.

Usiku wa kona ya thelathini na nane alirudi alfajiri. Nilimkuta bado yuko garini, kipaji cha uso kimelala kwenye usukani. Nilidhani amelala. Akasema bila kuinua kichwa, "Dakika arobaini na tatu." Nikaingia ndani kuchemsha chai.

Wiki ileile mke wa seremala alishikwa na uchungu saa saba usiku, mtoto amekaa vibaya, na mama mdogo akagonga mlango wao kabla wao hawajagonga wetu. Ndivyo Komando alivyozaliwa. Sasa ni miaka miwili. Mtu akizidiwa usiku, ni kwetu wanakokuja, na yeye hulala na sweta mwilini.

Juma lililopita mwalimu mkuu wangu alianguka bafuni. Anaishi peke yake, hakuwa na mtu wa kumshika kiti cha nyuma, nikaenda mimi. Tulimfikisha, wakampokea, wakatuambia atapona. Kurudi tukawa wawili. Nikahamia mbele, kwenye kiti cha mama, ambacho sikuwahi kukikalia usiku.

Nilimtazama anavyoendesha. Hatazami pale mwanga wa taa unapoishia. Anatazama mbali zaidi, kule barabara inakotaka kwenda, na mikono inafuata. Tulipofika kona ya kumi na tisa alipiga honi mara moja, akakata, tukaipita. Hata mazungumzo asingeyakatisha, kama tungekuwa nayo. Hapo moyo wangu ukanishinda.

Nikasema, "Mama mdogo, usiku ule mama hakuwa amelala."

Akabadili gia. "Najua."

Nilidhani hakunielewa. Nikaanza kumweleza kwamba nilitumwa, kwamba nilimdanganya, na yeye akaniacha nimalize.

"Ule ukuta kati yangu na dada ni wa mbao, mwanangu. Nilimsikia. Nilikuuliza ili unijibu vile ulivyonijibu."

Akakata kona mbili. Nikamwomba radhi kwa yale niliyoacha yasemwe. Akasema waliosema hawakukosea. Akanieleza kwamba watu wanamsifu kwa ajili ya wale anaowafikisha, lakini yeye kila akifika geti la hospitali huitazama saa. Hajawahi kumaliza saa nzima. Hata siku ya ukungu, hata na tairi bovu, hajawahi. Kila mtu anayemwokoa anamwonyesha upya kwamba dada yake angefika. Alikuwa analia, machozi yanashuka mpaka shingoni, na mikono haikutoka kwenye usukani. Mimi nililia kwa sauti. Nilikuwa na deni la kilio cha miaka miwili.

Tulipokaribia nyumbani, imebaki kona ya kwanza, akapunguza mwendo. Alikuwa na jambo. Nadhani alilibeba tangu siku ile, na hakuwa na wa kumuuliza zaidi ya mimi.

"Nikuulize kimoja tu," akasema. "Nilipowasha gari, halafu nikazima. Alisikia?"

Nikaiona ile dari. Nikaona taa zinavyoondoka ukutani, kamba za viatu vidoleni mwangu, na uso wa mama alipotamka lile neno moja.

"Hakusikia," nikasema. "Nilikuwa namvisha viatu. Alikuwa analalamika kile cha kushoto kinambana. Hakusikia kitu."

"Kweli?"

"Kweli."

Akaitikia kwa kichwa. Akapiga honi, akatazama kule barabara inakoelekea, akakata kona.