Walioruka Mtaro wa Odera

"Wamepotea? Nyabo, watu arobaini na moja wapotee Kampala hii, na mimi nisisikie? Ni kuku hao?"

Odera alikuwa na nyundo mkononi, lakini ugomvi wake ulikuwa na karatasi. Karatasi ni ya huyo nyabo, yaani bibi, Teresa Lanyero, ametumwa na wale waliotoa pesa ya utafiti kwa madaktari wa hospitali fulani, aangalie kama pesa ilisaidia. Utafiti wenyewe ni hivi: ukivunjika paja unapasuliwa, unawekewa chuma ndani, halafu unaenda nyumbani mapema na fremu ya kushika mguu kwa nje, badala ya kulala kitandani wiki nane. Fremu zote Odera anazitengenezea hapa Katwe.

"Si mimi nasema, mzee," Teresa akajibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, baba yake alikuwa askari. "Wagonjwa sitini. Baada ya mwaka wameonekana kumi na tisa tu. Wengine simu hazishiki. Nikiandika hivyo, watasema pesa haikufanya kitu. Watafunga."

"Na hizi?" Odera akaonyesha fremu sita chini, hata rangi bado. "Wenyewe wako wodini sasa hivi, wanangoja."

"Ndiyo maana nimekuja."

Odera aliingia Kampala mwaka wa themanini na saba akitoka Siaya. Vita imeisha juzi tu, kila nyumba inatafuta mlango, na mlango yeye anaujua. Akatengeneza milango mpaka watu wakalala vizuri. Halafu bodaboda zikajaa, watu wakavunjika, akaanza miguu. Mke wake Akeyo husema, "Huyu hajabadilisha kazi, bado anafunga bawaba."

Kila fremu anaitoa na neno moja: ukipona, ulete mwenyewe, usitume mtu. Na watu wanaleta. Nani anataka chuma cha mgonjwa kilale kwake, kiite ajali ingine?

"Angalia ukuta," Odera akasema.

Teresa akaangalia. Mikanda ya ngozi imening'inia kwenye misumari, safu kwa safu. "Nilifikiri ni za mbwa."

"Mbwa gani! Mikanda ya fremu hiyo. Chuma nakirudisha kazini, mkanda unabaki. Soma namba."

Namba zilichomwa na msumari wa moto, zile zile za faili za hospitali. Teresa akatoa orodha yake haraka.

"Ishirini na tatu?"

"Konda wa teksi. Ana makelele mpaka leo."

"Na hii alama moja, ingine mbili?"

Odera akacheka mara ya kwanza. "Wewe umeingia hapa namna gani?"

"Nimepita kwenye ubao."

"Na viatu umeshika mkononi, nimekuona. Mbele ya karakana yangu kuna mtaro. Mtu akiuruka, nakata alama moja. Akipita kwenye ubao, mbili. Akibebwa, tatu. Simuulizi mguu unajisikiaje. Mtaro haudanganyi."

Teresa akakaa juu ya ndoo, akageuza fomu yake. Ilikuwa na maswali kumi na mbili kuhusu mguu, na hakuna hata moja lenye mtaro. Akaanza kuandika pembeni.

"Thelathini na moja haina alama," akasema.

Odera akaacha nyundo. "Fremu ya huyo ililetwa na dada yake. Kidonda kiliharibika, akafa. Nilikataa kuipokea, nikamwambia dada, mwenye mguu alete mwenyewe. Sikujua. Mpaka leo naona aibu. Mwandike, nyabo. Usimruke. Ukimwacha huyo, hawataamini wengine."

"Namwandika." Akaandika. "Na hawa nitawatafuta, niwaone wenyewe. Lakini siandiki tena kwamba wamepotea. Nikiwa na hawa, hawawezi kufunga bila kunisikiliza."

Simu ya Odera ikalia. Mama mmoja wa Bugolobi, geti limekwama, gari liko ndani, na harusi ya dada yake ni saa sita.

"Nakuja, mama, nakuja! Mwambie bibi harusi apake poda polepole."

Akachukua mfuko wa vyombo.

"Mzee, nimefika safu ya pili tu!"

"Wewe hesabu. Mkanda ukiutoa, urudishe kwenye msumari wake."

Akaruka mtaro, mfuko ukigonga mgongoni, akaita boda.