Spika ya Kati

Wanaojenga masanduku ya spika kwa mikono yao hupenda kusema kazi ngumu ni besi. Si kweli. Besi ni ubao na misumari. Kazi ni spika ya kati, maana ndiyo inayobeba maneno ya watu, na mimi maneno ndiyo niliyoyataka.

Nilikuwa karani bandarini Wete. Sanduku nililichonga kwa mbao za mfenesi, nikatoboa matundu matatu. La chini na la juu yalikwishapata spika zake. La kati lilikuwa na wachumba wawili. Mmoja mpya wa kutoka Mombasa, anang'aa, na nilikwishajisifu naye mji mzima. Wa pili nilimng'oa kwenye redio iliyokufa. Karatasi yake ilikuwa imechanika, nikaiziba kwa kipande cha daftari na gundi ya unga wa muhogo.

Watu niliwaambia nataka kusikiliza taarab. Uongo mtupu. Sanduku lilikuwa la mama, aliyekuwa amekuwa mzito wa masikio na mwenyewe hakubali. Mimi sauti yangu ni ya kupigia mbiu, kwa hiyo nilichelewa kujua. Aliyenijulisha ni Bi jirani, siku aliponisimamisha njiani.

"Mamaako siku hizi kawa nkubwa," alisema. "Napita mlangoni nampa salamu, haitiki. Mwaka sasa. Na mie nimeacha, na wenzangu wameacha."

"Labda hasikii, Bi."

"Ngoma ya harusi kule Gando anaisikia, salamu yangu ndiyo haisikii?"

Nilikasirika njia nzima, lakini nilipofika nyumbani nikaona amenipa jibu la ufundi. Ngoma inamfika mama, maneno hayamfiki. Shida iko katikati.

Nikapata na namna ya kujaribu. Kila alasiri mtangazaji wa redio ya Unguja alianza kwa kutoa salamu, na kwetu kila mtu alimwitikia, kwani salamu ni salamu hata ikitoka kwenye sanduku. Mama akiitikia, amesikia. Ubaya ni kwamba mtangazaji alisalimia mara moja tu, basi nami nilikuwa na jaribio moja kwa siku.

Siku tatu nilimfunga yule mpya. Sauti ilikuwa laini kama halua, na wenzangu wa barazani walimsifu mpaka nikaona haya kuwakatiza. Mama alikaa ukumbini akisuka ukili wake, kimya. Mara tatu mtangazaji alisalimia, mara tatu aliitikiwa na watu wa barazani peke yao.

Siku ya nne nikafunga yule wa viraka, huku nanung'unika. Mimi nikijisifu sipendi kurudi nyuma. Mtangazaji akatoa salamu, sauti ikimtoka puani kama mtu mwenye mafua. Barazani walicheka wote.

"Waalaikumu ssalamu warahmatullahi wabarakatuh," akasema mama, bila kuinua macho kwenye ukili.

Nilifurahi, nisifiche. Nikakaza skrubu nne. Nilikuwa naishika ya mwisho aliposema tena, taratibu:

"Huyu mwacheni aje kila siku. Nji mzima ndiye ntu pekee anipaye salamu. Wengine sijui nimewakosea nini."

Bisibisi niliiacha juu ya sanduku, nikaenda kwa Bi jirani hivyo hivyo bila kanzu. Nikamwomba aje, aingie hadi ukumbini, asimame mbele ya mama, ndipo amsalimu.

Alikuja na uso wa mtu aliyekuja kudai haki. Akasimama karibu, akasalimia. Mama akaitikia yote, mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono, akamuuliza amemkosea nini.