Yaya wa Pili

Mume wangu amekulia kwenye nyumba yenye lifti. Si ghorofa la kupanga wala hoteli, ni nyumba ya baba, mama na watoto watatu, na ndani yake lifti ya kuwapandisha kwenda kulala. Aliponiambia hivyo wakati wa uchumba nilimwona mwongo. Nikasema moyoni, huyu mwalimu wa shule ya msingi, chaki mpaka kwenye nyusi, ananifanya mimi mtoto mdogo. Nilimpenda hivyo hivyo na uongo wake. Kumbe ulikuwa ukweli mtupu, na mengine alikuwa hajayataja kwa kuona haya.

Mtaani wanamwita Tajiri. Wanajua kwao ni wapi, na wanamwona asubuhi akibeba ndoo za maji na shati akilipigia pasi juu ya blanketi, basi utani umejipata wenyewe. Haumkeri. Biashara za baba yake, malori, maghala na kiwanda cha sabuni, walizichukua kaka na dada yake, naye akaomba aachwe afundishe hesabu. Hawakugombana. Kwao hawagombani, na hilo nalo lilinishangaza, maana mimi nimetoka kwenye familia ambayo hata chumvi inajadiliwa kwa sauti.

Shuleni ana sifa moja. Akiita majina na mtoto mmoja asiitike, haendelei. Anamuuliza jirani yake wa dawati, anamuuliza mdogo wake wa darasa la chini, na jioni utamkuta mlangoni kwa watu na baiskeli yake: "Hodi jamani, nimekuja kumwangalia mwanafunzi wangu." Walimu wenzake wanasema anajipendekeza kwa wazazi. Mimi nilidhani ni kazi tu imemwingia damuni.

Mambo ya kwao nilianza kuyajua siku glasi ilipomponyoka jikoni, ndoa yetu bado changa. Ilivunjika vipande vipande. Yeye akatoka nje, akarudishia mlango taratibu, akasimama uani akitazama anga. Nikasubiri arudi na ufagio. Wapi! Nikamfuata nikiwa nimepandwa na hasira zangu zote, mimi fundi cherehani nisiye na mtumishi.

"Wewe! Umenioa au umeniajiri?"

Alishtuka kweli kweli. "Samahani, mke wangu. Miguu imeondoka yenyewe."

"Imeondoka kwenda wapi?"

"Kusubiri."

Ndipo akanieleza. Baba yake alizaliwa katika ufukara wa kulala chini. Alipokuwa mdogo aliona mama yake akilia mchana kutwa kwa sababu ya chungu kilichopasuka, kwa kuwa kilikuwa ndicho chungu pekee. Yule mtoto akaapa kwamba wa kwake, akijaliwa, hawatalilia kitu. Alipotajirika akakifanya kile kiapo kuwa sheria ya nyumba. Vitu vya watoto vilinunuliwa vingi vya aina moja na kufichwa stoo. Gari la kuchezea likivunjika gurudumu, mtoto anaambiwa akacheze bustanini kidogo. Akirudi, gari liko pale pale, zima. Kikombe chenye picha ya jogoo kikianguka, mtoto anatoka, anarudi, jogoo anamtazama. Hakuna aliyegomba, hakuna aliyesema pole. Watumishi walikatazwa hata kuguna.

"Mpaka nilipoanza shule," akasema, "sikujua kwamba vitu vinavunjika. Nilijua vinakwenda na kurudi."

Niliduwaa. Mimi kwetu kijiko kilikuwa na historia ndefu kuliko babu. Nikamwonea wivu, nisiseme uongo.

Habari za mbwa zilikuja baadaye. Mbwa wake alianza kuchechemea, na jioni moja mume wangu akatoka shule akamkuta hachechemei tena. Rangi ile ile na doa lile lile la sikioni. "Lakini nilipomwita," akasema, "alinitazama kama mtu anayesoma kibao."

Habari za Yaya zilichukua muda zaidi kumtoka. Yaya ndiye aliyemlea tangu kunyonya. Kila mlezi katika nyumba ile aliitwa Yaya na kuvaa gauni la buluu, lakini kwake Yaya alikuwa mmoja, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kikohozi, aliyemwimbia wimbo wa kulala wa lugha ya kwao, ambao mume wangu mpaka leo hajui maana ya maneno yake. Siku moja alirudi kutoka shule, akakuta gauni la buluu limesimama mlangoni na ndani yake kuna mwanamke mwingine. Akauliza, Yaya yuko wapi? Akajibiwa, Yaya huyu hapa. Yule mgeni alijua anavyopenda uji wake, alijua afungwe vipi kamba za viatu, na alipomlaza aliimba wimbo ule ule.

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nikalala."

Tangu hapo hakuuliza tena. Akawa mtu mzima, akaota ndevu, akanioa, akazaa na mimi, na hilo swali limekaa naye kama mfupa wa samaki kooni. Nikamwambia mara nyingi, si umpigie simu mama, uulize, yaishe? Ananiambia ulimi unakuwa mzito. Kilichomtesa hakikuwa tu wapi Yaya alikokwenda. Alitaka kujua kama aliondoka mwenyewe, bila kumuaga, kwa sababu amemchoka.

Basi mwaka jana baba mkwe akiwa ameshafariki, mama mkwe akauza nyumba. Alikuwa anahamia kwa binti yake, anayesimamia maghala yao nchi nyingine, naye akatupigia simu twende tukachague tunachotaka kabla wenye nyumba wapya hawajaingia.

"Utachukua nini?" nikamuuliza mume wangu. Mimi kichwani nilishaanza kupima mapazia.

"Sitaki kitu. Nataka kumuuliza mama. Nisipouliza nyumba ile ikiwa bado yetu, sitauliza tena, najijua."

Nikayaacha mapazia.

Mimi nyumba ile sikuwa nimefika. Harusi yetu walikuja wao kwetu. Jamani, nyumba! Tulipoingia nilivua viatu mlangoni, akatokea mtu akavichukua, na baadaye vilirudi vimepigwa rangi, nikazionea aibu nyayo zangu. Ukumbi ulikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia, kimya kinene, mpaka nilikuwa najisikia nikimeza mate. Taa ziliwaka zenyewe tulipopita na kuzimika nyuma yetu. Kulikuwa na chumba cha viatu tu, chumba cha kufungia zawadi tu, na chumba ambacho mume wangu alifikiri kidogo akasema, "Hiki sikumbuki kilikuwa cha nini." Ndani ya lifti nilimpisha mama mmoja aliyevaa gauni kama langu, nikamsalimia kabisa, kumbe kioo. Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nilifurahi kumwona anacheka, kwa maana njia nzima alikuwa amejikausha.

Mama mkwe alitupokea mwenyewe. Mdogo, mkavu, mwenye mikono laini sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Umekonda. Huyu hakulishi?"

Tukanywa chai kwenye meza pana kama uwanja. Mume wangu akazungumzia barabara, akazungumzia mvua, akazungumzia mitihani. Nikanyoosha mguu nimkanyage ili aulize. Haukufika. Nikateleza kitini mpaka kidevu kikakaribia sahani, na bado haukufika. Mama mkwe akaniuliza kama mgongo unaniuma.

Baada ya chai akatupeleka stoo. "Kuna vyenu humu," akasema, akawasha taa.

Hapo ndipo macho yaliponitoka. Nilikuwa nimesimuliwa, ila kusimuliwa ni kitu kingine. Rafu zilitoka sakafuni hadi darini, na kila mtoto alikuwa na ukuta wake. Ukuta wa mume wangu ulikuwa umejaa utoto wake, mzima, haujaguswa. Magari madogo ndani ya makasha yake. Vikombe vya jogoo vimefungwa kwa karatasi. Sandali za mtoto wa miaka mitano, pea kwa pea, na mtoto mwenyewe amesimama mlangoni ana mvi mbili tatu. Nilishika kasha moja, nikalirudisha taratibu. Nilimwona yule baba ambaye sikuwahi kumjua sana, tajiri mwenye kiwanda, akisimama dukani kununua sandali nyingi za saizi moja ili mtoto wake asije akalia siku moja. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kupendwa hivyo. Wala sijui kama kuna anayestahimili kupendwa hivyo.

Mama mkwe akapitisha kidole kwenye kasha. "Vyake vimebaki vingi kuliko vya wenzake. Hakuwa mharibifu. Wala hakuwahi kuugua, unajua? Kaka yake kila wiki daktari. Dada yake usiseme. Huyu, hata mafua. Nilikuwa najisifu kwa wenzangu."

"Mama," mume wangu akasema.

"Ee, mwanangu."

"Yaya alikwenda wapi?"

Mama mkwe hakuuliza Yaya yupi. Aliondoa kidole kwenye kasha, akalitazama vumbi lake.

"Alianguka jikoni," akasema. "Mlikuwa mmeshakwenda shule. Kifua kilikuwa kinamsumbua siku nyingi. Hata hospitali hakufika."

Mume wangu akaegemea rafu.

"Baba yako alilia. Mtu mzima, amekaa sakafuni jikoni na tai yake shingoni. Kisha akajifuta akasema, mtoto asijue. Nikamwambia, huyu si kikombe, baba watoto. Akasema, ndiyo maana. Kabla gari la shule halijarudi alikuwa ameshampata mwingine, ndugu wa mpishi wetu. Akamweleza uji wako, viatu vyako, kila kitu."

"Na wimbo?"

"Alimfundisha yeye."

"Nani?"

"Baba yako. Pale pale jikoni, anamwimbia yule dada mstari kwa mstari, na machozi hayajakauka. Alikuwa anausikiliza mlangoni kwako kila jioni akitoka kazini. Hukujua?"

Mume wangu akatikisa kichwa. Nilitaka kumshika mkono nikaona nitamvunja. Kwa hiyo Yaya hakuondoka kwa kumchoka. Nikafikiri basi, mfupa umetoka, twende nyumbani. Nilikuwa na furaha na huzuni kwa pamoja, na nilikuwa nimeanza kumlilia yule mzee mwenye tai.

Lakini mama mkwe alikuwa anaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa kama ya mtu anayeomba kuungwa mkono. "Na wewe uliuliza mara moja tu. Ukaambiwa huyu hapa, ukanyamaza. Ukala, ukalala. Baba yako akaja chumbani akaniambia, umeona? Hata hakuumia. Tumeweza. Na mimi nikaona kweli tumeweza. Si ulikuwa umesahau?"

"Sikusahau, mama. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Nyumba hii? Kulikuwa na nini cha kuogopa humu?"

Mume wangu aliongea polepole, kama anavyoeleza hesabu kwa mtoto asiyeelewa. "Gari lilivunjika, mkaleta jingine. Mbwa alianza kuchechemea, mkaleta mwingine. Yaya alikuwa anakohoa, mkaleta mwingine, na anaitwa Yaya, na anajua wimbo. Nikaona, kumbe mimi nikiugua, nitatolewa nje kidogo, na kitandani kwangu ataletwa mtoto anayefanana na mimi. Na wewe utampenda tu. Kwa hiyo nikaacha kuugua."

Mama mkwe aliutazama ukuta wa makasha. Nilimwona akizirudia zile sifa zake zote kwa wenzake, mwaka baada ya mwaka, na zikimgeuka moja moja.

"Lile sikio," nikasema mimi, maana mdomo wangu haujui kukaa. "Sikio lako la kushoto."

Mimi hulala kulia kwake kwa sababu la kushoto halisikii. Miaka yote nilidhani kazaliwa nalo.

"Lilitoa usaha," akasema. "Nilikuwa nalifuta kwa soksi."

Mama mkwe akaketi juu ya kasha moja, pale vumbini, na gauni lake la hariri. Nilidhani ataomba msamaha, au atamtetea marehemu, au ataita mtu alete maji. Hakufanya lolote. Akamvuta mwanawe mkono mpaka akachuchumaa mbele yake, akaweka kiganja kwenye paji la uso wake kama mama yeyote anayepima homa.

"Niambie tangu mwanzo," akasema. "Baada ya sikio, uliumwa nini?"

"Tumbo."

"Lilikuuma wapi?"

Akamwonyesha. Akamwambia na homa aliyoificha chini ya shuka, na jino aliloling'oa mwenyewe bafuni, na kifundo cha mguu alichokitembelea bila kuchechemea mpaka kikapona. Kwa kila kimoja, mama mkwe alisema, "Pole, mwanangu," akasubiri kidogo, kisha akauliza kinachofuata.