Fundi Apande Kwanza

Nilipohamia Kibondo mwaka 2013 nilikuta desturi moja ya gereji nikaipenda papo hapo. Fundi akimaliza kukutengenezea gari, humlipi pale pale. Anapanda. Mnakwenda safari ya kwanza pamoja, yeye kiti cha mbele, mkifika salama ndipo anapokea chake na kutafuta pikipiki ya kumrudisha. Niliona hiyo ndiyo akili. Kwetu Shinyanga fundi akishatia hela mfukoni, ukimwona tena shukuru Mungu.

Nilikuwa bibi shamba. Mradi wa mbegu za maharage ulikuwa na pikapu mpya ya milango minne, na dereva wake akahamishwa kabla sijamaliza mwezi wa pili. Mkuu wangu wa kazi akaniuliza kama najua kuendesha. Nikasema najua, tena kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Sikudanganya. Nilijifunza Shinyanga, kwenye barabara ambazo ukiweka chungwa chini litalala hapo hapo mpaka kesho. Leseni ninayo, na sikuwahi kugonga hata kuku.

Pedi za breki za mbele ziliisha ndani ya miezi michache. Nikaenda kwa fundi mmoja mwenye banda la mabati nyuma ya soko, mtu mnene wa makamo, mpole, ambaye mfuko wake wa shati haukukosa karanga. Alifungua magurudumu, akazitoa pedi za zamani, akazigeuzageuza mkononi.

"Bibi shamba, hizi zimekwisha haraka sana."

"Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Alitaka kusema kitu kingine, nikatazama saa yangu. Akacheka kidogo, akafunga mpya.

Siku ya safari ya kwanza tulikwenda Busunzu na mbegu. Fundi mbele na karanga zake, nyuma akina mama watatu wa vikundi vya wakulima. Njiani kuna bonde lenye daraja chini, na barabara inateremka kuliendea kutoka pande zote mbili. Tulipofika katikati ya mteremko nikasikia harufu kama ya mpira unaoungua. Nikakanyaga breki, mguu ukazama mpaka sakafuni. Nikakanyaga tena, hakuna kitu. Nilichofanya sikukifikiri: nilililaza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa kulia, likasugua, likapanda nusu, likasimama.

Mama mmoja alivunjika mkono. Alikaa kwenye majani ameukumbatia kama mtoto mchanga, bila kulia. Fundi alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu la mbele lililokuwa likitoa moshi. Alisogeza kiganja, akakirudisha haraka.

Watu walikuwa wameshatoka mashambani kututazama. Nikamkaripia mbele yao wote. "Umetaka kutuua! Hujui kazi, sema hujui!" Alinyanyuka, akajipangusa vumbi.

"Pole, bibi shamba," akasema. Basi. Hakudai chake, aliondoka kwa miguu.

Na mimi, nikikasirika, hasira yangu haikai nyumbani. Nilisema ofisini, nikasema zahanati, nikasema sokoni kwenye nyanya na kwenye dagaa. Nilimtaja kwa jina. Haukupita muda mrefu, magari ya miradi yakaacha kwenda kwake, kisha ya walimu, kisha hata pikipiki. Sikuona vibaya. Nilikuwa na mkono wa yule mama uliofungwa bendeji kama shahidi.

Kitu kimoja tu kilinichanganya. Kama alijua amefunga vibaya, alipandaje na karanga mkononi? Na kama hakujua, ni fundi gani huyo? Nililigeuza swali hilo kila upande, halikai sawa. Mwisho nikaliacha.

Mkuu wangu akatoa amri: kuanzia sasa gari linahudumiwa kwa wakala wa kampuni ya magari, Kasulu, kwenye karakana iliyofunguliwa kwa ajili ya magari ya miradi na mashirika. Mwaka 2014 nikapeleka. Jamani, ilikuwa sehemu! Sakafu ya saruji unayoweza kulia ugali, viti vya kusubiria, maji ya kunywa, na msimamizi mwenye tai anayekujazia fomu. Kwenye sakafu walikuwa wamechora mstari wa njano, na mteja havuki. Nilisimama nyuma ya mstari ule kama mbuzi aliyefungwa kamba, nikinyoosha shingo nione magurudumu yangu yanafanywa nini. Sikuona kitu. Baada ya saa moja nikaletewa karatasi ina alama ya vema kila mahali. Pedi mpya. Mafuta ya breki mapya. Breki: nzuri.

"Sawa," nikamwambia msimamizi. "Sasa fundi apande."

"Apande wapi?"

"Tuende naye Kibondo. Nikifika salama nitamshukuru."

Alicheka mpaka tai ikacheza. "Huo utaratibu hapa haupo, madamu. Gari limejaribiwa mpaka kituo cha mafuta na kurudi."

Nikaomba fundi mwenyewe aitwe. Alikuja, mwanamume wa rika langu hivi, ovaroli safi, lafudhi ya watu wa Buhigwe. Nikamweleza. Akatazama chini.

"Samahani, dada. Siwezi."

Moyo ulinilipuka. Aliyefunga vibaya alipanda bila wasiwasi, na huyu wa vema kila mahali anakataa! Anajua nini ambacho mimi sijui? Nikachukua kitabu cha malalamiko nikaandika: Breki siziamini. Nikagoma kuondoa gari, nikaenda kulala gesti.

Asubuhi nikakaa kwa mama mmoja anayeuza chai na chapati nje ya geti. Alijua mambo ya mle ndani kuliko waliomo. Aliniambia kwamba fundi wangu alikuwa anafungua gari upya, magurudumu yote manne.

"Vizuri. Ndiyo kazi anayolipwa."

"Halipwi," akasema.

Akanieleza, nami nikamfanya arudie mara tatu. Mle ndani mshahara ni mdogo, kinachowalisha ni saa. Kila kazi ina saa zake zilizoandikwa kwenye kitabu cha kampuni. Kubadili pedi za mbele, tuseme ni saa moja. Ukimaliza kwa nusu saa, unapata ya saa moja. Ukikuta nati zimeganda kwa udongo wa huku ukahangaika mpaka mchana, unapata ya saa moja.

"Kwa hiyo anayeharakisha anapata zaidi?"

"Ego," akasema, ndiyo ya huku.

"Na anayefanya vizuri?"

Alifikiri, akageuza chapati. "Hiyo haimo kitabuni."

"Na gari likirudi na malalamiko?"

"Analifanya bure mpaka mwenyewe aridhike. Na zile saa za kwanza zinafutwa. Jana yake imekwenda, na leo yake inakwenda."

Chai ilinipoa mkononi. Sikuelewa nimkasirikie nani. Mtu anayelipwa kwa kuharakisha, nitamwamini vipi? Lakini mtu anayerudia bure akikosea si ana sababu zote za kutokosea? Na yule wa Kibondo, asiyepata hata senti mpaka tufike, si ndiye aliyekuwa na sababu kubwa zaidi, na bado mguu wangu ukazama mpaka sakafuni? Ni malipo ya namna gani basi yanayozaa breki nzima? Nilijiona mjinga, nami nikijiona mjinga huwa mkaidi.

Mchana fundi mwenyewe alinivusha mstari wa njano. Akanionyesha gurudumu moja baada ya jingine. Pedi mpya, diski safi, mabomba makavu. "Angalia, dada. Sijapata kosa."

Msamiati wangu wa magari uliishia hapo, lakini ukaidi ulikuwa bado upo. "Basi panda."

Alijifuta mikono kwa kitambaa. "Kesho Jumapili," akasema. "Siingii kazini. Kesho nitapanda."

Akaja kweli, amevaa shati la kanisani. Akafunga mkanda, akaweka mikono magotini. Tulipita Makere bila mazungumzo, mimi nikiwa na kiburi cha mtu aliyeshinda na aibu ya mtu asiyejua ameshinda nini. Barabara ilikuwa vumbi jekundu na mawe, breki zikishika vizuri kila nilipozigusa.

Tukafika bonde lile lile la daraja, safari hii kwa upande wa pili. Kabla hatujaanza kushuka nikaukumbuka mguu uliozama mpaka sakafuni. Nikaweka mguu kwenye breki, nikaukaza.

Fundi hakuwa anatazama barabara. Alikuwa anatazama mguu wangu.

"Dada, uko gia ya ngapi?"

"Ya nne."

"Na mguu uko wapi?"

"Kwenye breki! Ulitaka uwe wapi?"

Alisubiri kidogo. Kisha ile harufu ikaja, ile ile ya mpira, na mimi nikaanza kupiga kelele: unaona, nilijua, nilisema!

"Simama," akasema taratibu. "Simama sasa hivi, bado zinashika."

Nikasimama. Akashuka, akachuma jani pembeni ya njia, akaligusisha kwenye diski. Likasinyaa hapo hapo.

"Tangu kule juu hujaiachia," akasema. "Breki yoyote ukiikalia hivyo inachemka, na ikichemka haishiki. Hata mpya. Hata hizi nilizofunga mara mbili. Huku kwetu mlima unashuka na gia, dada. Weka ya pili kabla hujaanza, injini ikushike. Mguu unagusa tu, unaachia."

Tulikaa kwenye majani tukingoja vyuma vipoe. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia Kasulu.

"Kasulu sikukuona ukiendesha. Mimi naletewa gari, dereva anabaki nyuma ya mstari."

"Na kwa nini ulikataa kupanda? Nilidhani unaogopa."

Alinitazama kwa mshangao. "Nilikuwa na magari mawili yananisubiri. Nina watoto watatu." Sababu ilikuwa hiyo tu.

Tukashuka na gia ya pili, injini ikinguruma, mguu wangu ukining'inia bila kazi. Tukafika darajani kama watu wanaotembea. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilikuwa nimeshaukumbuka ule ukingo wa udongo upande wa pili, na mkono wa yule mama, na fundi akiondoka kwa miguu. Kibondo nilimpa yule wa Kasulu fedha, akachukua nauli ya basi tu. Nikabaki nimesimama stendi nikiwaza kwamba saa zake zote nimezifuta mimi, na kile kilichoniokoa hakimo hata kwenye kitabu cha kampuni.

Jumatatu nikaenda nyuma ya soko. Banda lilikuwepo, lakini ndani hamkuwa na gari wala pikipiki. Zilikuwa baiskeli tatu zimegeuzwa miguu juu, naye kwenye kigoda ananyoosha njiti za gurudumu. Alikuwa amekonda.

"Mwidiwe, bibi shamba," akanisalimu, kana kwamba tuliachana jana kwa heri.

Nikamweleza yote, kwa haraka, bila kumtazama. Gia ya nne. Mguu. Jani. Aliendelea kuzungusha gurudumu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Ego. Zile pedi za kwanza ziliniambia."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulitazama saa." Akacheka kidogo, kile kicheko chake. "Na mteja ukimwambia ubovu ni yeye, bibi shamba, kesho yuko kwa fundi mwingine. Nikasema nitapanda naye, nimwone. Nitamwambia tukishafika, akishanilipa."

 Nililia pale kati ya baiskeli, naye akawa anatafuta kitambaa kisicho na grisi, akakikosa.

Nikaanza kuzunguka upya. Ofisini nikasema ni mguu wangu. Mkuu akasema vizuri nimejifunza, ila amri ya Kasulu iko pale pale. Zahanati wakanisikiliza kwa adabu. Sokoni, kwenye nyanya, mwanamke mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule fundi ananitishia. Nilishangaa jinsi uongo niliousema kwa hasira mara moja ulivyoaminiwa, na ukweli niliourudia wiki nzima kila mtu akautafutia sababu.

Mwisho nikaenda Busunzu kwa yule mama. Nilishuka bonde na gia ya pili. Mkono wake ulikuwa umepona ukiwa umepinda kidogo pale kwenye kiwiko, na alikuwa anapepeta maharage ya mbegu yetu. Nikakaa chini, nikamwambia polepole, ili asije akasikia vingine: breki hazikuwa na kosa, fundi hakuwa na kosa, ni mimi niliyekuvunja mkono.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika bega kwa ule mkono.

"Una moyo mzuri, bibi shamba," akasema. "Mtu anataka kukuua, nawe unambebea dhambi yake."

"Mama, ni mguu wangu. Huu hapa."

"Ego, ego," akasema, kama anayembembeleza mtoto. Akainuka, akanijazia kikapu cha maharage, yale mazuri aliyokuwa ameyachagua, akaniambia nikayale na wenzangu. Nikayapokea.