Damu ya Jogoo kwenye Zulia la Bi Tausi

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mjukuu wangu. Ilikuwa Ijumaa, nami nilikuwa binti wa miaka kumi na minane, na jioni yake wageni walikuwa wanakuja kutoka Mikumi kuniposa. Usinicheke. Hata mimi niliwahi kuposwa, tena kwa heshima zote, na kiuno nilikuwa nacho.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishiwa upande wa Kimamba, nyumba zimepangwa mistari, jirani akikohoa unamsikia. Shamba lilikuwa la wote, na kwa jinsi mambo yalivyokwenda, hata zulia lilikuwa kama la wote, ingawa mwenyewe alikuwepo. Mwenyewe alikuwa Bi Tausi, mjane wa mpishi. Mumewe alimpikia meneja wa shamba la katani kwa miaka mingi, na mzungu yule alipofungasha kurudi kwao baada ya uhuru, akamwachia zulia la sebuleni. Lilikuwa zito, rangi ya maziwa, na maua ya kijani pembezoni. Kijiji kizima hakikuwa na lingine.

Ukiwa na ugeni wa maana, posa, akika ya mtoto au hitima ya marehemu, ulimtuma mtu kwa Bi Tausi na zulia likaja begani. Hakudai chochote. Sharti lake lilikuwa moja tu. Siku ya kulirudisha ulilikung'uta vizuri, ukalikunja, ukasimama mbele yake, naye akakuuliza, "Limeona nini?" Hapo unasema. Chai imemwagika hapa, mtoto amekojoa pale. Hakuwa akigomba. Alitaka kujua ni dawa gani atumie, maana kwake yeye mafuta yalikuwa na dawa yake, chai dawa yake, na mkojo dawa yake. Watu walisema kweli, ndiyo maana zulia lile liliishi miaka mingi kwenye vumbi letu lile usilolijua wewe uliyezaliwa kwenye sakafu ya saruji.

Basi asubuhi ile baba na mama walikwenda Kilosa, baba kuwapokea wageni stesheni, mama kutafuta mchele kwa sababu duka la kijiji lilikuwa tupu. Mimi nikaachiwa nyumba. Nikafagia, nikatandika jamvi, na juu ya jamvi zulia la Bi Tausi. Nikabandika maji jikoni ya kunyonyolea kuku. Baba mdogo akaja kumchinja jogoo uani, akanisisitizia nimshike mpaka atulie kabisa, kisha akaondoka mbio kuiwahi sala ya Ijumaa. Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye kitenge nitakachovaa. Nilimwachia mapema.

Jogoo alichomoka, akapiga mbawa, akapita mlango wa nyuma kama mtu aliyesahau kitu ndani, akaenda kuangukia kwenye pembe ya zulia. Akatulia hapo hapo. Damu ilikuwa kiasi cha sahani.

Sasa lisikilize kosa langu la kwanza. Mtungi wa maji baridi ulikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Lakini sisi tuliokulia kwenye masufuria yenye masizi na mafuta tuliamini kwamba uchafu mkubwa unataka maji ya moto, na maji ya moto nilikuwa nayo, yanachemka, yanamsubiri jogoo yule yule. Nikamimina. Nikachukua brashi ya kufulia nikasugua kwa nguvu zangu zote. Damu haikutoka. Iliiva. Ikawa kahawia, ikazama kwenye nyuzi, na doa la sahani likawa la sinia. Nikaligeuza zulia, doa likae nyuma ya mlango, nikaweka stuli juu yake.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kuweka stuli nikasikia hodi. Alikuwa Mama Sinyati, mwanamke wa jamii ya wafugaji waliokuwa na maboma yao nje kidogo ya kijiji. Kila siku alipita nyumba kwa nyumba na vibuyu vya maziwa, akabadilishana na mahindi, na mahindi hayo ndiyo yaliyolisha watoto wake. Mama alikuwa amemwagiza maziwa ya chai ya wageni. Aliingia mpaka sebuleni kama alivyozoea, akaweka kibuyu, akaniombea mume mwema, akaenda zake. Mama Chausiku, jirani yetu wa mkabala, alimwona akitoka.

Posa ilipita salama. Mama mkwe mtarajiwa alikula vizuri na kuusifu mchuzi. Kesho yake nikalibeba zulia mwenyewe, nikamwamkia Bi Tausi shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza swali lake.

"Halijaona kitu, bibi," nikasema.

Aliniangalia kidogo, akaniambia niliweke ndani. Nilirudi nyumbani mwepesi kabisa. Niliona mambo yamekwisha.

Haikupita hata wiki mbili ikafika hitima ya mume wa Bi Tausi. Wanawake tulikusanyika kwake tangu asubuhi, zulia likakunjuliwa, na doa lile hapo, limekaa kama limealikwa. Bi Tausi akauliza ni nani aliyelitumia mwisho, mama yangu akasema ni sisi, naye mama alikuwa hajui lolote, akaapa kwamba nyumbani kwake zulia halikuguswa na damu. Hapo Mama Chausiku akakumbuka. Akasema siku ile alimwona yule mama wa maziwa akitoka sebuleni kwetu, na wale watu wanajulikana, damu kwao ni kinywaji, huenda alikuwa nayo kwenye kibuyu kingine. Hakusema kwa ubaya, nadhani. Alisema kama mtu anayesaidia. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Mimi nilikuwa pale pale, mwanangu, nimeshika birika la kahawa. Nilijua. Maneno matano tu yangetosha. Lakini nilijiambia habari itafika Mikumi, na ni nani atakayeoa msichana mchafu ambaye pia ni mwongo? Nikainama kumimina kahawa. Bi Tausi hakukubali wala hakukataa. Aliniangalia mara moja tu, nikayakwepa macho yake.

Hilo ndilo kosa langu la pili, nalo ndilo kubwa.

Mambo yalianza polepole. Mama Sinyati akaombwa aache maziwa mlangoni, asiingie ndani. Kisha wakaanza kusema maziwa yake yana wekundu. Kisha nyumba moja ikasema leo hatuhitaji, na ya pili, na ya tatu. Alikuwa anarudi bomani jioni na vibuyu vimejaa kama alivyokuja. Siku moja nilimkuta binti yake Sinyati pembeni ya shamba la kijiji anachuma majani ya porini, na hakuyachuma kwa mchezo. Nikapita njia nyingine. Usiniulize nilijisikiaje. Nilikuwa nashonewa nguo za harusi na zote zilinibana kifuani.

Halafu ikaja asubuhi moja, tuko uani kwa Bi Tausi tunatwanga, Mama Sinyati akaingia bila vibuyu. Akasalimia. Waliomwitikia walikuwa wachache. Akasimama mbele ya Bi Tausi akasema kwa Kiswahili chake kifupi, "Mmesema damu ni yangu. Haya, mimi nitaitoa. Halafu mninunulie maziwa."

Bi Tausi akaamuru zulia litolewe. Mama Sinyati akaomba maji ya mtungini, chumvi, na kitambaa cheupe. Akakoroga chumvi kwenye maji baridi, akalowesha kitambaa, akapiga magoti. Hakusugua. Alikandamiza na kuinua, akianzia ukingoni mwa doa na kuingia ndani taratibu, akigeuza kitambaa kila mara ili upande mchafu usiguse tena. Baada ya kitambo akasimamisha mkono, akazipekua nyuzi kwa kidole.

"Damu hii imepikwa," akasema. "Mtu wa ng'ombe hamwagii damu maji ya moto. Aliyefanya hivi haijui damu."

Hakumtazama mtu yeyote. Akainama tena kuendelea na kazi, anasafisha damu isiyo yake apate kuuza maziwa yake. Mchi ulinishinda mkononi. Nikasema. Sikusema kwa mpangilio, nilisema huku nalia, jogoo na sufuria na stuli, yote yakatoka kwa pamoja. Mama yangu akakaa chini. Mama Chausiku akajifunika mdomo na kanga.

Mama Sinyati akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaniwekea kile kitambaa mkononi.

"Maji baridi yalikuwepo," akasema. Akaondoka.

Nilimwangukia Bi Tausi miguuni. Akaniinua. Aliongea taratibu, na mpaka leo sauti yake naisikia. "Zulia ni langu, nimekusamehe. Jina la yule mama si langu, siwezi kulisamehe mimi. Utakwenda kwenye kila mlango uliomfungia, useme kama ulivyosema hapa."

Nilimwomba ningoje harusi ipite. Akasema damu ingekuwa inangoja nisingekuwa pale nalia.

Basi nikaenda. Nilibisha hodi mstari kwa mstari, natoa shikamoo, napewa kiti, nasema aibu yangu, nanyanyuka. Wengine walinisikitikia, wengine walinicheka. Wapo waliosema asante kwa kutuambia, na kesho yake wakachukua maziwa. Lakini uvumi ulikuwa na miguu kunishinda. Ulikuwa umefika gulioni Kimamba, kwa watu nisiowajua majina wala nyumba zao. Nilikwenda nikamweleza muuza ndizi mmoja, akanitazama kama mwendawazimu, akaniambia yeye alichosikia ni kwamba kuna mama anayechanganya maziwa na damu. Nikamwambia si kweli. Akasema mbona kila mtu anasema.

Mikumi nako nilikwenda, na mama yangu kando yangu. Mama mkwe alinisikiliza. Kwenye habari ya jogoo alicheka mpaka akafuta machozi. Nilipofika kwenye habari ya Mama Sinyati aliacha kucheka, akaniuliza huyo mama sasa anakula nini. Hakuivunja posa. Niliolewa mwezi uliofuata, na mume yule ndiye babu yako unayemjua, aliyeishi na mimi miaka yote bila kunisimanga kwa jambo lile, isipokuwa siku za kuchinja kuku.

Zulia nalo nililifanyia kazi siku tatu mfululizo kwa maji baridi na chumvi, kisha sabuni kidogo, kisha maji baridi tena. Lilibaki kivuli tu, rangi ya chai nyepesi. Damu ikishapikwa haitoki yote.

Kabla sijahamia Mikumi, Mama Sinyati na watu wake waliondoka na ng'ombe wao. Walipita asubuhi kwenye njia ya nyuma ya nyumba yetu. Nilitoka mbio, nikamwamkia, akaniitikia vizuri tu. Nikamuuliza kama wanahama kwa sababu yangu.

"Ng'ombe wanataka majani," akasema. Akatembea hatua chache, kisha akageuka. "Na watoto walitaka mahindi."

Sikumwona tena. Mimi niliyekosa nilipata mume, na nyumba, na watoto. Yeye ambaye hakukosa kitu aliacha nyuma kijiji kilichokuwa kinamlisha. Nimelibeba hilo mpaka uzeeni, wala sitaki kukudanganya kwamba limepungua uzito.

Kwa hiyo damu ikimwagika kwenye zulia lako, mwanangu, iwe ya kuku, ya mtoto aliyejikata au ya mgonjwa, usikimbilie jikoni. Chukua maji baridi na chumvi, kitambaa safi cheupe, na subira. Kandamiza, usisugue. Anzia pembeni uende ndani. Fanya wakati bado mbichi, maana saa ya kwanza ni rahisi, na kesho yake ni kazi ya siku tatu.

Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo, kwa mwenye kitu, kabla hajauliza. Hasa ukimwona mwingine anatajwa kwa kosa lako, usimimine kahawa. Weka birika chini useme. Aibu ya siku moja utaimaliza. Njaa ya mtoto wa mwenzio kwa sababu ya ukimya wako hutajua pa kwenda kuilipia.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na mkono mpole wa kusafisha. Akulinde usisingiziwe, na akulinde zaidi usije ukanyamaza mwingine akisingiziwa mbele yako. Nyumba yako iwe na wageni wengi, na yeyote anayeleta maziwa mlangoni kwako aingie ndani akae. Amina.