Giaboksi Isiyokuwa Kwenye Kibati

Nilichotaka kilikuwa kidogo tu: kujua ni giaboksi ya aina gani iliyo kwenye pikapu ya mama. Si kuitengeneza. Kuijua. Pikapu yenyewe ni ya Kijapani, nyeupe, imenizidi umri, na gia yake ya tatu ilikuwa imeanza kuchomoka yenyewe. Ukipanda kilima na mzigo nyuma, mkono wa gia unaruka, injini inapiga kelele bila kazi, na abiria wote wanakuangalia wewe.

Mama ana shamba la zabibu Hombolo. Zabibu zilikuwa zimeiva, na kituo cha kupokelea kilikuwa kimempa zamu yake: Jumatano, mpaka geti lifungwe jioni. Mzigo wake ulikuwa wa safari mbili. Anayekosa zamu husubiri mpaka wengine wote wapite, na zabibu iliyoiva haina subira hiyo, inalainika, inaliwa na ndege, inapoteza uzito. Pikapu ya kukodi haikupatikana. Msimu ule kila mwenye gari alikuwa na zabibu zake au za shemeji yake.

Mimi nilikuwa nimemwambia mama asiwe na wasiwasi, ningeagiza gia mpya na gari lingekuwa tayari. Huwa naahidi haraka, halafu naanza kuogopa.

Sijasomea ufundi. Ninachokijua nimekipata kwenye video za simu na kwenye pikipiki mbovu za majirani hapa Nzuguni. Mtu aliyepita chuoni akikosea, anaweza kusema ndivyo alivyofundishwa. Mimi nikikosea nimekosea peke yangu, tena binti, na kuna watu wanasubiri tu waseme, si tulisema? Kwa hiyo nimekuwa mtu wa kuhakikisha. Nahakikisha, halafu nahakikisha kwamba nimehakikisha. Nati nikishaikaza narudi kuigusa. Ujumbe wa maneno manne nausoma kabla ya kuutuma mpaka maneno yenyewe yanaacha kuwa na maana.

Jumatatu asubuhi nilimpigia muuza spea wa Dar es Salaam. Nikamwambia nataka gia ya tatu pamoja na pete yake ya shaba, nikamtajia gari na mwaka.

"Dada, mpe simu fundi," akasema.

"Fundi ni mimi."

"Haya, fundi. Hilo gari limetoka na giaboksi za kila namna. Ya kwako ipi?"

"Ya kawaida."

"Ya kawaida!" Nikamsikia anawageukia wenzake dukani. "Eti ya kawaida. Dada, hapa nina ukuta mzima wa gia za kawaida, na hakuna inayoingia kwenye nyumba ya mwenzake. Katafute aina. Ukinipa aina mapema, mzigo unapanda basi la leo."

Magari haya yana kibati kidogo kilichopigiliwa kiwandani, kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Kinakueleza injini, rangi, na giaboksi. Cha kwetu kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe juu yake, na mtu aliyelipaka gari zima bila kufunika chochote. Nikakaa nakikwangua kwa wembe na petroli, taratibu, kwa sababu niliogopa kukwangua na herufi zenyewe. Mjomba, mdogo wake mama, ambaye ndiye dereva wa pikapu, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa akitafuna karanga.

"Unachora?" akauliza.

"Nasoma."

"Mwaka huu utamaliza?"

Nilimaliza jua likiwa utosini. Kibati kilisema giaboksi ni ile ambayo kifuniko chake kiko juu. Nikatandika gunia, nikaingia chini ya gari. Ya kwetu kifuniko kilikuwa ubavuni. Nikatoka, nikatazama picha kwenye simu, nikarudi chini. Bado kilikuwa ubavuni.

"Mjomba, hii giaboksi imebadilishwa."

"Hapo kila kitu kimebadilishwa. Hata usukani si wake."

"Nani aliibadilisha?"

"Muulize yule mzee wa Kondoa aliyetuuzia."

Nikampigia, simu ikiwa kwenye spika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zabibu hazijambo?"

"Hazijambo. Mzee, ile pikapu uliyotuuzia, uliiwekea giaboksi ya aina gani?"

"Nzuri sana."

"Aina yake, mzee."

"Ngumu. Ile ya chuma."

"Mzee, zote ni za chuma."

"Basi hiyo hiyo. Ya mwanzo ilinitelekeza Chemba na mahindi ya watu. Hii haijanitelekeza."

"Na fundi aliyekuwekea yuko wapi?"

"Yule mfupi? Alihamia Singida."

Mjomba alicheka mpaka karanga zikampalia. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira na watu wote wawili, na yule fundi mfupi akawa wa tatu. Unawezaje kubadilisha kiungo kikubwa namna hiyo usiandike chochote mahali popote, hata kwa chaki?

Nikarudi chini kutafuta namba zinazotoka na chuma chenyewe kiwandani. Nikazipata mbele, karibu na injini, chini ya tope na oili iliyoganda. Nikapiga picha, haikunipendeza, nikapiga nyingine, nikafuta vumbi, nikapiga tena. Nikamtumia muuza spea ile iliyokuwa safi kuliko zote.

Akajibu papo hapo: "Naijua hiyo. Gia ipo. Nipakie?"

Nikaandika "Ndiyo". Nikaifuta. Kulikuwa na kitu kimoja kinanisumbua, rivasi. Kwenye kila picha ya giaboksi ya aina ile, rivasi iko kushoto, juu, pembeni ya gia ya kwanza. Ya kwetu iko kulia, chini. Mambo mengine yote yalilingana. Mtu mwingine angesema yatosha, angeagiza, angekunywa chai. Mimi nilikaa na simu mkononi mpaka basi la jioni likaondoka bila mzigo wetu.

Nitalisema wazi. Nilijua kwamba kuchelewa kungemkosesha mama zamu sawasawa na kuagiza kitu kisichoingia. Lakini gia isiyoingia ingekuwa kosa langu, imekaa mezani, watu wanaiona. Kuchelewa hakuna sura. Nilichagua kuchelewa.

Jumanne nikaamua kuishusha giaboksi nzima niione.

"Gari linatembea," mjomba akasema. "Baya, lakini linatembea. Ukilitoa matumbo halitembei."

"Nitalirudisha leo leo."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Akampigia mama, aliyekuwa shambani akiwapanga vibarua wa kukata. Nilimsikia mama akiuliza, sauti imechanganyika na upepo: "Anajua anachofanya?"

"Anasema anajua."

"Basi mwache."

Laiti angekataa. Mama akikataa napata mtu wa kubishana naye. Akisema "mwache", naachwa kweli.

Tuliinua gari kwa jeki tukaliweka juu ya mawe. Upepo wa Agosti ulikuwa unatumwagia vumbi kila tulipofungua kinywa. Propela ikatoka, waya zikatoka, giaboksi ikashuka kifuani kwa mjomba, akatukana kwa Kigogo maneno ambayo mama hapendi niyajue. Nilichohitaji kilikuwa kusoma ubavu mmoja tu. Nikaiosha yote. Brashi ya waya, petroli, tambaa, brashi tena, mpaka kwenye mikunjo ambayo haina namba wala haitakuwa nayo. Mjomba aliniuliza kama naipeleka kanisani.

Ilipotakata, niliuona ujanja wa yule fundi mfupi. Namba nilizokuwa nimezipiga picha zilikuwa za kile kipande cha mbele tu, kinachofunika klachi na kushikana na injini. Nyuma yake kulikuwa na bati nene la chuma, limekatwa kwa gesi kwa mkono, matundu yake yamesawazishwa kwa tupa. Na nyuma ya bati hilo ndiyo giaboksi yenyewe, ya aina nyingine kabisa, ina namba zake chini ambako nisingeziona bila kuishusha. Mbele ya gari moja, nyuma ya gari jingine. Rivasi iliyokuwa inanisumbua ilikuwa kweli.

Sitaficha kwamba nilifurahi. Nilifungua hata kifuniko cha ubavuni nihesabu meno ya gia, nijiridhishe, na karatasi iliyokuwa inazuia oili ikachanika. Nikapiga picha moja tu safari hii, nikaituma.

"Hongera, fundi," muuza spea akaandika. "Umeipata. Hiyo ni ya kilori. Sina."

"Utapata lini?"

"Hizo haziulizwi na watu. Labda mwezi ujao."

Nilikaa chini palepale kwenye mchanga wenye petroli. Nilikuwa na jibu sahihi kabisa, na gari la mama lilikuwa vipande vipande juu ya mawe. Mjomba alisoma ujumbe ule juu ya bega langu. Nilitegemea kejeli. Alisema tu, "Inuka tulirudishe," na hiyo iliniuma zaidi.

Halikurudi siku ile. Jumatano asubuhi tulikuwa bado tunahangaika na sahani ya klachi, ambayo isipokaa katikati kabisa giaboksi haiingii. Mjomba aliingia jikoni akatoka na mwiko wa mama, akauzungushia utepe kwenye mpini, akautumia kuipanga sahani. Iliingia. Kilichobaki ilikuwa karatasi ya kifuniko, na hapo tukagombana. Nilikata ya kwanza kwenye boksi la sabuni, tundu moja likawa limepinda kidogo. Nikakata ya pili.

"Hiyo ni gasketi au kitambaa cha harusi?" mjomba akauliza.

"Itavuja."

"Ivuje! Zabibu zinavuja huko!"

Mama alikuwa amepiga simu mara kadhaa. Vibarua walikuwa wameanza kukata tangu alfajiri kama walivyopatana, wakiamini gari liko njiani. Kila mara nilimjibu "tunakuja", neno ambalo si uongo kamili. Nikakata na ya tatu.

Tulifika Hombolo saa nane mchana. Kreti zilikuwa zimepangwa pembezoni mwa shamba, zimefunikwa majani, na za chini zilikuwa tayari zinachuruzika. Nyuki walikuwa wamezifikia kabla yetu. Mama hakunitazama. Aliyatazama matairi, kama anayehakikisha kwamba safari hii yapo.

"Haya, pakieni."

Njiani mama alikaa dirishani, mimi katikati, mjomba kwenye usukani. Kwenye kilima cha kwanza gia ya tatu iliruka, gari likayumba, kreti zikagongana nyuma. Mjomba akairudisha, ikaruka tena. Basi nikaikamata mimi, mikono miwili, nikaikandamiza kwa uzito wangu wote. Ilikuwa inatetemeka na kunisukuma, kama kitu kinachotaka kutoka. Mjomba alinipa amri, achia, shika, achia, nami nikatii kila neno mpaka viganja vikafa ganzi. Sikuwa na nafasi ya kuhakikisha chochote.

Kituoni tulikuta foleni. Mpokeaji aliminya zabibu chache kwenye kipima sukari, akaangalia mwangani, akaridhika. Kisha akaja kwenye kreti za chini, akaingiza mkono, akautoa umelowa.

"Mama, hizi zimekatwa lini?"

"Leo alfajiri."

"Zimekaa juani."

"Zimekaa."

Akazitenga pembeni. Mama hakubishana wala hakueleza. Nilitamani ageuke aseme ni kwa sababu ya huyu, nami niombe radhi mbele ya watu, limalizike. Hakugeuka. Tulipomaliza kupima, mlinzi alikuwa anavuta geti. Mama alimwomba atusubiri safari moja tu. Mlinzi akamwambia, mama yangu, nikikusubiri wewe nitawasubiri wote hawa, akaonyesha foleni nyingine ya watu waliokuwa wanaomba hivyo hivyo.

Nusu ya mavuno yake ilikuwa bado shambani, imekatwa, haina pa kwenda. Tuligeuza gari kwenda kuichukua ili asubuhi ikauzwe barabarani kwa bei ya yeyote, na itakayobaki ianikwe kwenye mikeka. Gari lilikuwa limebeba zile kreti zilizokataliwa tu, lakini gia iliendelea kuruka, kwa hiyo nikaendelea kuishika.

Tulipita Ihumwa. Halafu mama akauliza, "Sasa unaijua?"

"Naijua."

"Ni ipi?"

Nikamweleza yote. Kipande cha mbele, bati lililokatwa kwa gesi, kilori, rivasi, hata kwa nini kibati cha kiwandani kinasema kweli na bado hakitusaidii. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, na nilipoona nimeruka kitu nilirudi nyuma nikakiweka mahali pake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, macho yake barabarani.

"Sawa," akasema. "Mbele kuna kilima. Shikilia."